Japani haikuwa na bomu, na haikusalimu amri kwa sababu moja

Kila Agosti inapokaribia, dawati letu la elimu kwa umma hupokea maswali mengi kuhusu mabomu ya atomiki ya Hiroshima na Nagasaki. Tunayapokea kwa moyo mweupe, kwani anayeuliza anataka kujua. Mwaka huu, hata hivyo, wengi hawakuuliza, walitutaka tuthibitishe. Tuthibitishe kwamba Japani nayo ilikuwa imebakiza majuma machache kukamilisha bomu lake. Tuthibitishe kwamba lilikwisha kujaribiwa pwani ya Korea. Wengine walifika ofisini na mawe ndani ya kiroba, wameambiwa na madalali kwamba ni urani, madini yanayotumika kutengeneza bomu la atomiki, kwamba jiwe la ukubwa wa ngumi linatosha kuangamiza mji na kwamba lina wanunuzi wa siri. Imani hizi ni ndugu. Zote zinatokana na kudhani kwamba mwenye urani ana bomu. Kisa cha Japani kinaonyesha vizuri kuliko kingine chochote kwamba sivyo, na ndiyo maana tunakieleza kwa kirefu.

Kwamba Japani ilifanya utafiti, hilo halina ubishi. Aprili 1940, Takeo Yasuda, jenerali aliyeongoza taasisi ya utafiti wa ufundi wa anga ya Jeshi la Nchi Kavu, alimwagiza msaidizi wake Tatsusaburo Suzuki achunguze kama bomu la urani linawezekana. Oktoba mwaka huohuo Suzuki akajibu kwamba linawezekana. Kazi ikapelekwa taasisi ya Riken, Tokyo, kwa Yoshio Nishina, mwanafizikia aliyewahi kufanya kazi Copenhagen na Niels Bohr, na aliyejenga saiklotroni ya kwanza ya Japani, mtambo wa kuongeza kasi ya chembe za atomi, mwaka 1937. Mradi huo ukaja kuitwa Ni-Go. Jeshi la Majini nalo likawa na mradi wake, F-Go, katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Kyoto, chini ya Bunsaku Arakatsu. Nchi moja, majeshi mawili, miradi miwili, na wataalamu wale wale wachache wakigawanywa huku na huku.

Kabla ya hapo Jeshi la Majini liliunda kamati ya wanafizikia, Nishina akiwa mwenyekiti, iliyokutana kuanzia Julai 1942 hadi Machi 1943. Kamati ilihitimisha kwamba bomu linawezekana kisayansi, ila hakuna nchi itakayoweza kulitengeneza kabla vita havijaisha, hata Marekani. Baada ya hapo jeshi hilo likaelekeza nguvu kwenye rada. Msomaji aishike hitimisho hiyo, kwa sababu itarudi Agosti 1945 ndani ya chumba cha viongozi wakuu.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo watu hawataki kulisikiliza: kurutubisha, yaani kuongeza kiasi cha aina ya urani inayofaa kwa bomu, urani-235. Urani inayotoka ardhini ina asilimia 0.7 tu ya urani-235. Iliyobaki, karibu yote, ni urani-238, ambayo haifai kwa bomu la aina ile. Kuzitenganisha hizi mbili kwa njia za kawaida za kemia haiwezekani, kwa kuwa kikemia ni kitu kimoja. Zinatofautiana uzito tu, tena kidogo mno. Nishina alichagua njia ya joto. Urani inageuzwa kuwa gesi ya heksafloridi, inaingizwa kati ya mabomba mawili yaliyosimama wima, moja ndani ya jingine, moja la moto na jingine la baridi. Chembe nyepesi huelekea upande wa moto na kupanda juu. Kunihiko Kigoshi alihangaika na kutengeneza gesi hiyo, Masa Takeuchi akahangaika na mtambo. Walipata kiasi kidogo cha gesi inayokula chuma na kila kinachoigusa, na mtambo mmoja katika jengo namba 49 la Riken. Mapema mwaka 1945 sampuli kutoka kwenye mtambo huo ilipimwa kwa saiklotroni. Haikuwa imerutubishwa. Tarehe 13 Aprili 1945 ndege za Marekani zikashambulia Tokyo, jengo likaungua, na Ni-Go ikafia hapo.

Linganisha na Oak Ridge, Tennessee. Marekani nayo ilitumia njia ya joto katika kiwanda kilichoitwa S-50, ila kwa urani iliyo katika hali ya kimiminika. Kiwanda kile kilikuwa na mabomba 2,142, kila moja likiwa na urefu wa karibu meta 15. Na kazi yote ile ilipandisha kiwango kutoka asilimia 0.7 hadi chini ya asilimia 0.9 tu! Ilibidi urani hiyo ipelekwe kwenye viwanda vingine viwili vikubwa zaidi ndipo ifae. Mradi mzima wa Marekani uligharimu takriban dola bilioni 2 za wakati ule na kuajiri zaidi ya watu 100,000. Kule Kyoto, Arakatsu alikusudia kutumia mtungi unaozunguka kwa kasi kubwa ili chembe nzito zisukumwe ukutani. Fikra ilikuwa sahihi, na mitambo ya leo hufanya kazi hivyo, lakini mtungi wake uliishia kwenye michoro.

Kisha kuna malighafi. Japani haikuwa na urani ya kutosha. Ilitafuta Korea, ikatafuta kwake nyumbani, na mwaka 1945 wanafunzi wa shule ya sekondari walipelekwa kuchimba mawe katika mji wa Ishikawa, mkoa wa Fukushima, kwa mikono yao. Wakati huohuo Marekani ilikuwa na madini tajiri kuliko yote yaliyojulikana duniani, na hapa ndipo bara letu linapoingia: sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, Katanga, ikachimbwa na Wakongo. Hata hivyo, jiwe la Shinkolobwe halikuwa bomu lilipotoka Katanga. Lilipita Oak Ridge kwanza.

Watu hutuletea pia habari ya nyambizi ya Ujerumani, U-234. Habari hii ni ya kweli. Ilibeba kilo 560 za oksidi ya urani kuelekea Japani, Ujerumani ikasalimu amri nyambizi ikiwa bado baharini, nayo ikajisalimisha kwa meli ya Marekani katikati ya Mei 1945. Maofisa wawili wa Kijapani waliokuwamo walijiua kabla ya kukamatwa. Kutoka hapo watu huruka hadi kusema "Japani ilikosa bomu kwa safari moja ya meli." Tunaomba hesabu ifanywe. Ujerumani haikuwa na kiwanda cha kurutubisha urani hadi kiwango cha bomu. Kilo 560 za oksidi ya urani ya kawaida zina urani-235 isiyofika kilo 4. Bomu la Hiroshima lilibeba takriban kilo 64 za urani iliyorutubishwa hadi wastani wa asilimia 80, yaani kama kilo 50 za urani-235. Hesabu haikaribiani hata kidogo.

Kwa faida ya wanaofika na viroba, tueleze mzigo kama ule ungeshughulikiwaje leo. Chini ya mikataba ya kimataifa kila nchi mwanachama hutunza daftari la madini ya nyuklia: kiasi kilichopo, mahali kilipo, mwenye dhamana ni nani, kilichoingia na kilichotoka. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki hulinganisha daftari na ghala, na huweka lakiri pale inapobidi. Kilo 25 za urani-235 ndani ya urani iliyorutubishwa sana, au kilo 8 za plutoni, elementi nyingine inayotumika kwa mabomu, ndicho kiasi ambacho kikipotea shirika huhesabu kwamba huenda bomu likatengenezwa. Kwa Tanzania msingi ni Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003. Mwombaji wa leseni hueleza anataka kumiliki nini, kwa kazi gani, atakihifadhi wapi, nani atakuwa msimamizi wa usalama wa mionzi, wafanyakazi watapimwaje dozi, na mabaki yatakwenda wapi. Ukaguzi hufanyika kabla ya leseni. Kusafirisha ni kibali kingine, kuingiza nchini ni kingine, kutoa nje ya nchi ni kingine. Kikipotea, taarifa hutolewa bila kusubiri. Asiyefuata utaratibu hukabiliwa na faini, kifungo au vyote viwili, na mali hutaifishwa. Kusema "nilikuwa namshikia dalali" si utetezi. Mwenye jiwe analolitilia shaka asilipakie kwenye daladala: aliache lilipo, aandike mahali, atoe taarifa.

Turudi Japani. Bomu la Hiroshima lilipolipuka saa 2:15 asubuhi, tarehe 6 Agosti 1945, jeshi lilitangaza kesho yake kwamba adui ametumia "bomu la aina mpya". Nishina akaitwa. Alifika Hiroshima tarehe 8. Yeye na wenzake walikuta filamu za eksirei za Hospitali ya Msalaba Mwekundu zimeharibika zikiwa bado hazijatumika, ishara kwamba mionzi ilizipiga. Watu wa Arakatsu nao wakachukua udongo na kuupima, ukaonyesha mionzi. Tarehe 10 wataalamu waliokusanyika pale wakahitimisha kwamba ni bomu la atomiki. Kufikia mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa katika mji huo. Wataalamu walioshindwa kulitengeneza ndio waliolitambua.

Hapa ile hitimisho ya kamati inarudi. Soemu Toyoda, mkuu wa majeshi ya majini, alitilia shaka kwamba Marekani ina mabomu ya kutosha kuendelea kuyadondosha, kwa hoja kwamba kupata urani ya bomu ni kazi ngumu mno. Hoja hiyo ilikuwa na msingi: Japani ilijaribu ikaona ugumu. Ugumu huo ulipimwa kwa mtambo mmoja wa Tokyo, si kwa viwanda vya Oak Ridge.

Swali tunaloulizwa kuliko yote ni: Japani ilisalimu amri kwa sababu ya bomu au Warusi? Anayeuliza hutaka jibu la neno moja, na akikosa hutushutumu kwamba tunakwepa. Hatukwepi. Baraza Kuu la Kuongoza Vita lilikuwa na watu 6. Kabla ya Agosti, matumaini yao yalikuwa kwamba Umoja wa Kisovieti, uliokuwa na mkataba wa kutoshambuliana nao tangu 1941, ungekubali kuwa msuluhishi. Tarehe 8 Agosti Molotov, waziri wa mambo ya nje wa Kisovieti, alimwita balozi wa Japani, Sato, mjini Moscow na kumpa tangazo la vita. Usiku wa kuamkia tarehe 9, zaidi ya askari milioni moja walivuka na kuingia Manchuria, kaskazini-mashariki mwa Uchina, iliyokuwa chini ya Japani. Asubuhi ya tarehe 9 baraza likakaa, na taarifa ya bomu la pili, la Nagasaki, ikawafikia wakiwa kikaoni. Walikuwa na mabomu mawili na jeshi la Kisovieti mbele yao, na bado wakagawanyika 3 kwa 3. Waziri Mkuu Kantaro Suzuki (si yule msaidizi wa Yasuda), Togo wa mambo ya nje na Yonai wa majini walitaka sharti moja, kiti cha Mfalme kibaki. Anami, waziri wa vita, Umezu, mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu, na Toyoda walitaka masharti manne, ikiwamo Japani ijinyang'anye silaha yenyewe na ihukumu wahalifu wake yenyewe.

Mkwamo ule ulivunjwa na Mfalme Hirohito usiku wa manane, alipochagua sharti moja. Siku ya tarehe 8 alikuwa amemwambia Togo kwamba kwa silaha ya aina hii vita viishe. Kwenye kikao cha usiku ule alisema pia kwamba hana imani na ahadi za jeshi, kwamba hata ngome za ufuo wa Kujukuri, karibu na Tokyo, hazikuwa tayari. Nyuma ya maneno hayo kulikuwa na Tokyo iliyoungua mwezi Machi kwa vifo karibu 100,000, miji mingine zaidi ya 60 iliyoteketezwa, Okinawa iliyoanguka Juni, na meli za chakula zisizoweza kufika. Kulikuwa pia na majeshi yaliyovunjwa Burma, ambako wazee wetu wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, walipigana bonde la Kabaw mwaka 1944.

Hata baada ya uamuzi, tarehe 14 Mfalme ilimbidi aseme tena, na usiku huo maofisa vijana walivamia kasri wakitafuta sahani za santuri zilizorekodiwa tamko lake. Hawakuzipata. Saa 6 mchana, tarehe 15, redio ilitangaza tamko kwa raia, na ndani yake limetajwa bomu jipya la kikatili. Tarehe 17 likatolewa tamko jingine, kwa askari na mabaharia. Hilo halitaji bomu. Linataja kuingia vitani kwa Umoja wa Kisovieti. Mfalme yule yule, siku mbili tofauti. Raia waliojua miji inayoungua walielezwa kwa bomu. Askari waliokuwa bado na bunduki Uchina na Manchuria walielezwa kwa adui aliye mbele yao. Anayechukua tamko moja na kuliacha jingine anachagua jibu kabla ya kusoma.

Kuhusu jaribio la Korea: dai hilo lilitoka kwenye gazeti la Marekani mwaka 1946, likitaja Hungnam na tarehe 12 Agosti 1945. Hakuna ushahidi wowote uliopatikana wa kulithibitisha, na mradi ambao haukuwahi kurutubisha sampuli moja haukuwa na cha kulipua.

Novemba 1945 askari wa Marekani waliingia Riken, wakazikatakata saiklotroni za Nishina na kuzitupa katika Ghuba ya Tokyo. Za Kyoto na Osaka zikaharibiwa pia. Nishina alikuwa ameomba kibali cha kuendelea na utafiti wa biolojia na tiba. Alipewa, kisha kikafutwa. Wanasayansi wa Marekani wenyewe walipinga, na Wizara ya Vita ya nchi hiyo ikakiri kwamba lilikuwa kosa. Saiklotroni zile hazikuwa mitambo ya kutengeneza mabomu. Kwa mtambo wa aina hiyo ndipo Riken ilipopima sampuli ya Ni-Go na kukuta haimo urani iliyorutubishwa.