Eti ndani ya maji kuko kimya?

Jana kwenye boti ya Goma-Bukavu jamaa moja akasema eti kelele ya moteri inatusumbua siye tu wa huku juu, samaki chini haisikii kitu. Papa, hapana! Siku ukioga ziwani, zamisha kichwa kidogo boti ikiwa inapita mbali, utaisikia kama iko karibu na sikio. Sauti ndani ya maji inakimbia karibu metre 1500 kwa segonde, kwa hewa ni kama 340 tu.

Sasa kuko orka, wale banaita nyangumi muuaji (kumbe ni wa jamaa ya pomboo), kundi moja linaishi bahari ya pwani kati ya Seattle (Marekani) na Vancouver (Kanada), hawafiki hata 80, na Marekani iliwaweka kwa liste ya wanyama wa hatari ya kuisha tangu 2005. Wao wanawinda na masikio: wanatoa mlio, unagonga salmoni, unarudi, njo wanajua samaki iko wapi. Ni kama taa ya wavuvi wa sambaza (wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu) usiku. Meli ikipita, kelele yake inafunika ule mlio, ile taa ni kama imezimwa, na mama orka mwenye kunyonyesha anaweza kuacha kuwinda kabisa, na salmoni yenyewe ilishapunguka.

Ila kelele haibakie kama vile uchafu, dereva akipunguza mwendo inashuka saa ile ile. Njo maana kule Vancouver banaomba meli kubwa zipite polepole.