Soda, pop na coke: kinywaji kimoja, majina mengi

Mtu akiagiza soda Dar es Salaam au Mombasa, muuzaji haulizi maana yake, bali huuliza ni soda gani, na kama anataka ya baridi au ya moto. Soda ni kinywaji kitamu kisicho na kilevi, kilichoshindiliwa gesi ya kaboni ndani yake, na gesi hiyo ndiyo inayotoa povu kizibo kinapofunguliwa. Neno lenyewe tumelipata kwa Waingereza, lakini huko Marekani halitumiki kila mahali.

Watu wa New York na wa California husema soda kama sisi, ilhali wa Chicago na Detroit husema "pop". Kusini, hasa Georgia na majimbo ya jirani, wengi huita soda yoyote "coke", hata ikiwa ya machungwa, na mhudumu wa mgahawa aliyeagizwa coke anaweza kuuliza, bila mshangao wowote, ni coke ya aina gani. Wazee wa Boston walikuwa na neno lao, "tonic", ambalo sasa husikika kwa nadra.

Kila jina lilizaliwa kwa njia yake. Soda, kwa asili, ni magadi. Maji yenye gesi yaliitwa maji ya soda kwa sababu chumvi za jamii ya magadi zilitumika kuyatengeneza, na sukari na ladha zikaja baadaye. Kwa hiyo mpishi anayetia magadi kidogo katika sufuria ya maharage ili yaive upesi ameshika soda kwa maana yake ya kale kuliko yule mwenye chupa mkononi. Pop ni tanakali ya sauti, kwa maana mshairi Mwingereza Robert Southey aliandika mwaka 1812 kwamba kinywaji hicho kimeitwa hivyo kutokana na mlio wa kizibo kinapong'olewa. Coke ni ufupisho wa Coca-Cola, iliyobuniwa na mfamasia John Pemberton mjini Atlanta, Georgia, mwaka 1886, na ni rahisi kuelewa kwa nini jina la bidhaa liligeuka kuwa jina la jumla katika eneo lilikoanzia.

Jambo hilo halikutokea Marekani pekee. Nchini Rwanda, fanta ni soda ya aina yoyote, kwa hiyo anayeiomba huongeza rangi au ladha anayoitaka. Nao Wakongo, kwa kufuata Kifaransa, husema "sucré", yaani chenye sukari.

Mfasiri anahitaji uangalifu hapa. Pop huwa soda bila shida, lakini coke ikitamkwa na mtu wa Georgia ni lazima kutazama muktadha kwanza, kwani pengine mezani pake kuna soda ya ndimu, na kuandika Coca-Cola kutampa msomaji kinywaji ambacho msemaji hakukikusudia.