Tairi pana lenye upepo mwingi halivuki mchanga

Nimeambiwa tena, safari hii na mtu aliyekwisha kulipia: "Mimi nimefunga matairi mapana, sina haja ya kupunguza upepo." Neno hili limenichosha. Wauza matairi wanalirudia, madereva wanaambukizana, na kila msimu kuna gari jipya limekalia difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli) kwenye matuta ya mchanga ya jangwani huku gari kuukuu lenye matairi membamba likilipita pembeni taratibu. Nimeamua kuliandika kwa kirefu.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa uongo wenyewe umejificha humo. Gari la safari lililojazwa maji, mafuta ya akiba na mizigo linafika kilo 2,800 bila shida. Tuseme uzito umegawanyika sawa, kila tairi limebeba kilo 700. Upepo wa pauni 36 kwa inchi ya mraba ni sawa na kilo 2.5 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Ili hewa hiyo ibebe kilo 700, tairi lazima liguse ardhi kwa sentimita za mraba 280. Kama upana wake ni sentimita 20, litakuwa limelala kwa urefu wa sentimita 14. Sasa vua, funga tairi la upana wa sentimita 28, upepo uache palepale kwenye 36. Uzito haukubadilika, upepo haukubadilika, kwa hiyo eneo ni lilelile 280. Kilichobadilika ni umbo: upana 28, urefu 10. Umetoa fedha nyingi kununua alama fupi zaidi.

Rudi kwenye lile tairi jembamba, ulishushe hadi 16. Sasa linahitaji sentimita za mraba 620 na kitu kubeba uzito uleule. Upana hauna pa kwenda, unabanwa na rimu na mikanda ya chuma iliyo chini ya kashata, yaani meno ya tairi. Tairi linajinyoosha mbele na nyuma, na ule urefu wa 14 unakaribia 31. Huo urefu ndio unaokuvusha.

Najua hesabu hii inarahisisha mambo. Ukuta wa tairi nao unabeba sehemu ya uzito, hasa kwenye matairi ya kazi yenye kuta nene, kwa hiyo 31 hutaipata kamili. Basi pima mwenyewe, usinisadiki. Simamisha gari lenye mizigo kwenye sakafu ya saruji. Chukua karatasi mbili ngumu, moja isukume chini ya tairi kutokea mbele mpaka ikwame, nyingine kutokea nyuma, kisha pima pengo kati yao. Fanya vivyo hivyo ubavuni, kulia na kushoto. Shusha upepo hadi 16, rudia yote. Pengo la ubavuni litaongezeka kidogo tu. La mbele na nyuma litaongezeka hadi ujiulize kwa nini hukuambiwa mapema. Wanaosema "tunapunguza upepo ili tairi lipanuke" wanaangalia ule uvimbe wa ukutani, unaoonekana vizuri ukisimama mbele ya gari. Uvimbe ule haugusi ardhi. Kazi inafanyika chini, usipopaona.

Sasa kwa nini urefu? Hapa ndipo hata madereva wazuri wanateleza. Wengi wanaamini eneo kubwa linaongeza mshiko. Kwenye tope la mfinyanzi kuna ukweli, kwa sababu mfinyanzi una gundi yake, na ukigusa pengi unashika pengi. Mchanga mkavu hauna gundi. Mshiko wake unatokana na uzito unaozikandamiza chembe zisuguane, na katika hesabu hiyo eneo halimo kabisa. Mhandisi Mieczysław Bekker, mzaliwa wa Poland, ndiye aliyeijengea elimu hii ya magurudumu kwenye ardhi laini misingi yake, na baadaye akashiriki kubuni gari la mwezini lililotumika kuanzia Apollo 15 mwaka 1971. Magurudumu ya gari lile hayakuwa na hewa hata kidogo. Yalisukwa kwa waya ili yabonyee na kulala chini.

Kwa hiyo kupunguza upepo hakukupi mshiko mkubwa kama watu wanavyodhani. Kunakupunguzia kuzama, na kuzama ndiko kunakoua mwendo. Tairi likizama linakuwa na ukuta wa mchanga mbele yake, na injini yako yote inageuka kuwa mashine ya kusukuma kuta nne. Upana wa kila ukuta ni upana wa tairi lako. Tairi pana na gumu likizama, linasukuma ukuta mpana zaidi. Tairi refu lililolala linaupanda mchanga kwa mteremko mdogo, linaukandamiza, halafu linapita juu yake. Likiwa gumu na la mviringo, linaugonga.

Sitaki nieleweke kwamba tairi pana ni takataka. Ukilishusha upepo linafanya kazi, na kwenye gari zito sana nalikubali. Nikiruhusiwa kuchagua kitu kimoja, nachagua kimo: tairi refu kwenda juu lina nafasi ndefu ya kulala. Ninachokipinga ni lile wazo kwamba upana unachukua nafasi ya kushusha upepo.

Ishushwe hadi ngapi? Miongozo inachapa namba moja kwa kujiamini. Mimi naanza na 18 gari likiwa jepesi, 16 likiwa na mizigo, nashuka 12 injini ikianza kulalamika. Lakini namba hizi siziapii. Kanuni za vitabuni zinadhani mchanga ni wa aina moja kutoka juu hadi chini, na tuta halina tabia hiyo. Hatua kumi unatembea juu ya mchanga ulioshindiliwa, hatua ya kumi na moja mguu unaingia hadi kwenye kifundo. Ninachokiamini ni sauti ya injini. Ukiwa kwenye mchanga tambarare na unalazimika kukanyaga mafuta kuliko kawaida ili kushika mwendo uleule, upepo bado ni mwingi. Shusha pauni mbili, sikiliza tena.

Chini ya 12 kuna gharama. Tairi linashikwa kwenye rimu na upepo wenyewe, na ukikata kona kali ukiwa na 10, linaweza kuchomoka. Huko nashuka nikiwa nimekwama tu, natoka kwa mstari ulionyooka, kisha narudisha.

Halafu kuna joto, ambalo karibu hakuna anayelitaja. Umeshusha hadi 16 saa nane mchana, matairi yamechemka kwa mwendo na jua, tuseme nyuzi 55. Usiku jangwa linapoa. Alfajiri tairi liko nyuzi 10, na geji inasoma karibu 12. Tairi halijatoboka. Hewa imesinyaa tu. Mtu asiyejua anawasha gari, anakata kona ya kwanza, tairi linatoka, analaani kiwanda. Pima kila asubuhi kabla ya kuwasha injini, na ukishusha upepo mchana acha nafasi ya usiku.

Kuhusu nguvu za injini nitakuwa mfupi. Ralph Bagnold, afisa wa jeshi la Uingereza, na wenzake waliingia kwenye matuta ya Jangwa la Libya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa magari ya Ford Model A, nguvu farasi 40, yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Walipunguza upepo, wakabeba mabati ya chuma ya kuweka chini ya magurudumu, wakajifunza kuusoma mchanga. Gari lako lina nguvu mara nne au tano ya hizo. Usiniambie umekwama kwa kukosa nguvu.

Gia: chagua moja kabla ya kupanda na ubaki nayo, kwa sababu kila kubadilisha gia katikati ya mpando ni mwendo uliopotea. Foo-wili ya juu, ile ya mwendo wa kawaida, inatosha mahali pengi, na ya chini, ile ya polepole yenye nguvu, naiweka kwenye mipando mifupi mikali na kwenye kushuka. Mfumo wa kielektroniki unaokata nguvu gurudumu likiteleza, uzime, kwa kuwa unaiua injini wakati unapoihitaji. Ule unaofunga breki ya gurudumu moja moja ni habari nyingine. Kwenye magari ya karibuni umenisaidia mwendo ukiwa mdogo sana, na bado sijaamua kama niuache siku zote.

Gurudumu likianza kuzunguka bure, toa mguu. Papo hapo. Usijaribu kidogo tena. Mzunguko mmoja wa bure unachimba, wa pili unachimba zaidi, wa tatu unalikalisha gari kwenye difu, na gari likishakalia difu uzito umeondoka kwenye magurudumu. Nimeeleza hapo juu kwamba mshiko wa mchanga unatoka kwenye uzito, basi hapo huna tena kitu cha kushikia. Breki nazo usizitumie kusimama, kwa sababu gurudumu lililofungwa linajijengea kizingiti chake lenyewe. Liache gari lijisimamie, na usimame pua ikiangalia chini.

Tuta lenyewe lina pande mbili zisizofanana. Upande wa joshini, upepo unakotokea, umelala kwa nyuzi 10 hadi 15 na umeshindiliwa. Upande wa demani, uliokingwa na upepo, ni mchanga ulioporomoka kutoka juu ukasimama kwenye pembe ya mwisho unayoweza kuivumilia, nyuzi 32 hadi 34, na umelegea wote. Huo haupandwi, unateremkwa tu. Katika Jangwa la Simpson huko Australia, lenye matuta zaidi ya elfu moja yaliyojipanga sambamba, upande wa mashariki ndio mkali, na ndiyo sababu wengi wanavuka kutoka magharibi. Huko ni lazima gari liwe na bendera juu ya mlingoti mrefu, kwa sababu mnaweza kupanda tuta moja watu wawili, kila mmoja upande wake, msionane hadi mnagongana kileleni. Mimi naifunga bendera kwenye jangwa lolote, hata kusikokuwa na sheria.

Kileleni ndipo watu wanapoumia. Mwendo uliokupandisha unatakiwa uishe pale juu, usikuvushe. Toa mguu mita chache kabla, gari lifike kilele likiwa karibu kusimama, pua iinamie upande wa pili, halafu utazame. Kama huoni bado, shuka utembee. Anayeruka kilele haijui sehemu atakayotua, na gari zito likitua kwa pua kwenye mchanga, pua inasimama na mkia unaendelea.

Ukishindwa kufika juu, usigeuze. Narudia: usigeuze. Weka rivasi, urudi kwenye alama zako zilezile kwa mstari, injini ikikushikilia, klachi usiiguse. Kushuka upande wa demani ni vivyo hivyo: nyooka moja kwa moja kuelekea chini, gia ya chini, breki isiguswe. Mkia ukianza kukimbilia pembeni, akili yote itakusukuma ukanyage breki. Kanyaga mafuta kidogo, usukani uelekeze chini, gari litanyooka. Likikaa ubavu kwenye mteremko wa nyuzi 30, linabingirika.

Ukikwama, chimba kabla ya kuvuta. Toa mchanga mbele ya magurudumu yote manne na chini ya difu, shusha upepo zaidi, weka mabati, utoke kwa upande ulioingilia kwa sababu huko mchanga tayari umekandamizwa. Mara nyingi hutahitaji gari la pili. Mkilazimika kuvutana, mkanda ufungwe kwenye ndoano zilizopigwa boliti kwenye chesisi. Lile tufe la chuma la kufungia trela halikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mkanda unaonyumbulika ukilikata, linaruka na kupenya kioo kama risasi, na limeua watu. Nikiliona linatumika nasimamisha shughuli yote, hata kama gari si langu na watu wananinunia.

Ukirudi kwenye ardhi ngumu, jaza upepo kabla ya kushika kasi. Tairi la 16 kwenye lami kwa kilomita 80 kwa saa linajikunja kila mzunguko, ukuta wake unachemka kutokea ndani, na uharibifu huo hauuoni siku ileile. Kompresa si pambo, na bila hiyo usishushe upepo mbali na barabara. Kabla ya kuunganisha mpira wake, piga magoti uangalie pale tairi linapokutana na rimu, pande zote mbili, ya nje na ya ndani. Mchanga ukiwa umeingia hapo utasikia mlio mwembamba wa hewa ikitoka. Ulegeze ukingo, usafishe kwa brashi, ndipo ujaze.