Barafu haiongezi kasi

Msuguano ni kani inayozuia vitu viwili vinavyogusana visiteleze kirahisi. Ukipungua, kinachoteleza huchelewa kusimama. Basi. Tatizo ni kauli inayorudiwa kila inapooneshwa hoki ya barafuni: eti barafu "inakiongezea kasi" kisahani, yaani kile kipande bapa cha mpira mgumu ambacho wachezaji hukipiga kwa gongo.

Haikiongezei chochote. Kasi yote hutoka kwenye gongo. Kisahani kikishaachana nalo hakuna kinachokisukuma mbele. Barafu inakipunguzia kasi tu, ila kidogo kidogo. Chukua kisahani kinachoondoka kwa mita 20 kwa sekunde. Mgawo wa msuguano, yaani namba inayoonesha msuguano ni mkubwa kiasi gani, ukiwa 0.1, kila sekunde kinapoteza karibu mita 1 kwa sekunde, na pasingekuwa na ukuta kingeteleza mita 200 na ushei. Uwanja wenyewe una urefu wa mita 60 hivi, ndiyo maana kinagonga ukuta kikiwa bado na nguvu. Kasi ileile kwenye sakafu yenye mgawo wa 0.5 ingekifikisha mita 41 tu. Uzito nao haubadilishi hesabu hii: kisahani kizito husuguana zaidi, lakini pia ni kigumu zaidi kusimamisha, na hayo mawili yanafutana.

Wengine huenda mbali zaidi na kusema barafuni hakuna msuguano kabisa. Usingekuwepo, mchezaji asingeondoka hata hapo aliposimama. Chuma cha kiatu chake kimechongwa mfereji mwembamba chini, kikabaki na kingo mbili kali. Akikielekeza mbele, kinateleza; akikilaza upande, ukingo unauma barafu na hapo ndipo anapata pa kujisukumia, kukata kona au kusimama. Kingo zikiwa butu, mguu humponyoka kwenye kona hata awe na mapaja ya chuma.

Kosa hilohilo hutokea kwenye kalingi, mchezo wa kutelezesha jiwe la karibu kilo 20. Wanaofagia mbele ya jiwe huambiwa "wanalisukuma", ilhali ufagio haupaswi hata kuligusa. Wanachofanya ni kuipasha joto ngozi ya juu ya barafu kwa kuisugua, msuguano unapungua, jiwe linafika mbali zaidi na halipindi sana kama ambavyo lingepinda bila kufagiwa. Hata wakifagia kwa nguvu zote, jiwe linaendelea kupungua kasi. Kwa hiyo badala ya "wamelipa kasi", ni afadhali kusema wamelicheleweshea kusimama.