Reli ya Bububu si ya Barghash, tafadhalini

Wiki hii tena, pale Maruhubi, kaskazini ya mji wa Zanzibar, mtembeza wageni mwenzetu mmoja kasimama na wageni wake kwenye zile nguzo za kasri iliyoungua, sauti juu: ati Sultan Barghash ndiye aliyejenga reli ya Bububu, ile ya toka mjini kwenda kaskazini, na alikuwa akija nayo hapo kwa wake zake. Wageni wanaandika! Mie nikanyamaza, si adabu kumsahihisha mtu mbele ya wageni wake, ila hapa niacheni niseme.

Barghash kafariki 1888. Reli ya Bububu imejengwa 1904, imeanza kazi 1905, na waliojenga ni Wamarekani, kampuni ya Arnold, Cheney & Co. ya New York. Sasa marehemu kaipandaje?

Reli yake ilikuwepo kweli, lakini nyingine kabisa, ya kusini, toka kasri ya mjini mpaka kasri yake ya Chukwani. Ni sawa na daladala, 502 inakwenda Bububu na 505 inakwenda Uwanja wa Ndege, wewe umepanda 505 halafu unagonga bodi unataka kushuka Bububu. Hiyo ya Chukwani ilianza kama 1879 hivi, mabehewa yakivutwa na nyumbu, 1881 ndio kikaja kichwa cha mvuke kutoka Uingereza. Alipokufa mwenyewe na yenyewe ikafa.

Tunapenda kujisifu kwamba ndio reli ya kwanza Afrika Mashariki, na mie nawaambia wageni hivyo hivyo, lakini moyoni huwa nasitasita. Reli ya kumtoa mtu na watu wake nyumba moja kumpeleka nyumba yake nyingine, hiyo ni reli au ni anasa yenye vyuma? Kwa miaka ni ya kwanza, sibishi.

Kosa lenyewe naelewa linakotoka. Zote mbili zinatajwa kuwa za maili 7, hapo tayari watu washachanganya, halafu Barghash ana alama zake njia nzima ya kaskazini, Maruhubi ni kasri yake hadi ilipoungua 1899, na maji ya mjini aliyavuta yeye kutoka chemchem za Bububu. Kwa hiyo maji ya Bububu ni kazi yake, ndio. Treni siyo.

Ukitaka kuifuata njia ya treni ya Bububu kwa siku moja anzia Ngome Kongwe mjini, treni ilianzia pale, na kabla hujaondoka itafute ile picha ya kale wanayouza madukani, treni imebanwa na nyumba pande mbili mpaka unamuonea huruma aliyekaa barazani na miguu yake. Halafu Maruhubi, halafu Mtoni alikozaliwa Sayyida Salme, binti wa Sultan Seyyid Said, 1844 (Salme ana habari zake, siku nyingine), halafu Beit el Ras ambapo wengi hawasimami kabisa na mie ndipo ninapopapenda. Seyyid Said alianza kasri pale, akafa 1856 haijaisha, na mawe yake mengine yakaja kuchukuliwa kujengea reli hii hii ya Wamarekani. Yaani ukimtaka Sultan kwa nguvu ndani ya reli ya Bububu basi ni baba yake Barghash, tena kwa mawe tu.

Vyuma usitarajie kuviona. Serikali iliinunua 1911, magari yakaingia, mwishoni mwa miaka ya 1920 ikasimama na reli zikang'olewa. Kuna wageni hununa, "sasa treni iko wapi?", na sina la kuwapa zaidi ya kuwaonyesha ubavu wa barabara ilikopita.

Ukifika Bububu kunja kulia upande Kidichi kwenye mahamamu, yaani mabafu ya kale, ambayo Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi. Anayekutembeza akisema na hayo ni ya Barghash, dai pesa yako.