Vumbi la Rangi ya Chungwa Kwenye Mahindi

Ukipita shambani msimu wa mvua za mwaka huku Pwani ya Kenya, Mpeketoni, Witu au Langobaya, ukatoka na vumbi la rangi ya chungwa kwenye shati, hilo si udongo. Ni mbegu za kuvu iitwayo kitaalamu Puccinia polysora, kutu ya mahindi ya nchi za joto. Jicho halioni chembe moja, lakini chembe hiyo ikitua kwenye jani lenye umande huota, na baada ya siku 7 hadi 10 hivi doa jipya hupasuka na kumwaga chembe nyingine maelfu.

Ugonjwa huu asili yake ni Amerika. Ulionekana Sierra Leone mwaka 1949, na miaka michache baadaye ulikuwa umeshafika Afrika Mashariki. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Muguga, karibu na Nairobi, walipata mahindi yenye kinga katika miaka ya 1950, lakini kuvu nayo ikatoa aina mpya zilizoishinda kinga hiyo. Ndiyo maana namsihi mkulima asiridhike na mbegu moja kwa sababu tu ilimfaa babake.

Waliotoka bara wanaijua kutu nyingine, Puccinia sorghi, inayopenda baridi. Madoa yake ni marefu kidogo, ya rangi ya matofali, na hutokea pande zote mbili za jani. Hii yetu ya Pwani ina vidoa vidogo vya mviringo, vimesongamana, na vingi viko upande wa juu.

Kila kutu ina mmea wake. Mwaka 1973 nchi ya Chile iliingiza kwa makusudi kutu ya vichaka vya miiba, Phragmidium violaceum, ipunguze magugu hayo yaliyokuwa yamevamia mashamba, kwa kuwa kutu hiyo haishambulii mazao mengine. Kutu ya mahindi nayo haishiki kunde wala muhogo. Kwa hiyo usiing'oe kunde iliyo kati ya mistari ukidhani ndiyo iliyoleta ugonjwa, wala usihofie muhogo wa jirani.

Kinachoihifadhi kutu ni mahindi mabichi. Haiishi kwenye mabua makavu wala haisafiri ndani ya mbegu. Wakati wa kiangazi hujificha kwenye mahindi ya kumwagilia, kama yale ya kando ya mto Sabaki, na kwenye yanayojiotea uani. Mvua zikirudi, upepo huisambaza. Anayechelewa kupanda ndiye huumia zaidi, kwani mimea yake ingali michanga wakati hewa imeshajaa chembe kutoka mashamba ya waliotangulia. Majani yakikauka mapema, punje hubaki nyepesi na mabua huanguka.

Panda mvua za kwanza zikishika, pamoja na majirani mkiweza, na ng'oa mahindi yaliyojiotea kabla ya hapo. Ulizia mbegu zilizotengenezwa kwa ajili ya Pwani, kama PH1 na PH4, kisha muulize afisa wa kilimo ipi inastahimili kutu vizuri zaidi sasa.

Dawa ya kuvu huzuia ugonjwa usienee, lakini jani lililokwisha kuungua halirudi. Mahindi yakikaribia kutoa mbelewele, kagua jani lililo kwenye hindi na yaliyo juu yake. Madoa yakiwa yamefika hapo, muite afisa siku hiyo hiyo. Punje zikiwa zimeshakomaa, usinunue dawa. Hazitaongezeka uzito tena.