Hempu, bangi na chupa ya mafuta: maswali kutoka Kisumu na Nakuru

Tangu kampeni za 2022, mgombea urais George Wajackoyah alipowaahidi Wakenya kwamba kilimo cha bangi kingelipa madeni ya nchi, neno hempu halijawatoka watu mdomoni. Wakulima wa Njoro na Rongai wanauliza mbegu. Kisumu wanauliza mafuta ya hempu. Tumeyakusanya maswali yanayorudi kila mara.

Hempu na bangi ni mimea miwili?

Ni mmea mmoja, jinsi mahindi ya ugali na mahindi ya bisi yote ni mahindi. Kinachotofautisha ni THC, kemikali inayolewesha. Huko Marekani, sheria ya kilimo ya 2018 inauita mmea hempu ikiwa THC yake haizidi asilimia 0.3 ya uzito ukishakauka. Bangi ya kuvuta yaweza kupita asilimia 10. Ukiutazama shambani huwezi kujua kama ni hempu au bangi, na askari hawezi pia. Jibu linatoka maabara. Kwa hiyo anayekuuzia mbegu na kuapa kwamba “hii si njaga, ni hempu” anakuuzia neno lake tu.

Mbona katani inalimwa Mogotio na hakuna anayeshikwa?

Hiyo ni mkonge. Watu huita hempu na mkonge katani kwa sababu yote hutoa nyuzi za kamba, lakini mkonge ni mmea mwingine kabisa na hauna THC hata chembe.

Hempu ina kazi gani hasa?

Ganda la shina hutoa nyuzi ndefu za kamba, turubai, nguo na karatasi. Kiini chake hukatwakatwa kikachanganywa na chokaa kujengea kuta, au kikatandikwa kwenye mabanda ya farasi. Mbegu huliwa: karibu robo ya uzito wake ni protini, na mafuta yake yana omega-3. Ni chakula kizuri. Lakini mtu wa Kisumu mwenye omena na njugu hana sababu ya kuuza kuku ili anunue mbegu za hempu kutoka ng'ambo.

Naweza kupanda ekari moja?

Hapana. Sheria ya Kenya ya kudhibiti dawa za kulevya, ya 1994, inakataza kulima mmea wa bangi wa aina yoyote, kwa jina lolote utakaloupa. Haikuweka kiwango cha THC ambacho mmea ukiwa chini yake unahesabiwa salama. Tena haimtazami aliyeshika jembe peke yake: mwenye shamba akiruhusu, naye ana kesi. Wazee mnaokodisha mashamba, ulizeni mpangaji anapanda nini, kisha mwende mkaone.

Ni kweli wengine wamefungua mlango. Malawi iliruhusu kwa leseni mwaka 2020, kwa tiba na kwa viwanda. Rwanda iliruhusu mwaka 2021, kwa dawa za kuuza nje. Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 hauhusu mmea unaolimwa kwa ajili ya nyuzi na mbegu pekee. Naona mjadala huu unastahili kufika Bungeni. Ila sheria ibadilike kwanza, ndipo mbegu iingie udongoni.

Mwanangu wa miaka sita ana kifafa. Jirani ameniuzia mafuta ya hempu, akaniambia niache vidonge. Nifanyeje?

Mama, usiache vidonge. Tafadhali. Dawa ya kifafa kama fenobabito au valproeti ikikatizwa ghafla, mtoto anaweza kushikwa na kifafa kisichoachia, mfululizo, na hicho huua.

Jirani yako hakulitunga jambo lote. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya Epidiolex, ambayo ni CBD iliyosafishwa. CBD ni kemikali nyingine ya mmea huu, na haileweshi. Iliidhinishwa kwa aina mbili za kifafa kigumu cha watoto, Dravet na Lennox-Gastaut. Katika majaribio iliongezwa juu ya dawa walizokuwa wakinywa watoto, haikuchukua nafasi ya dawa hizo. Mishtuko ilipungua, kwa wengi haikuisha. Kipimo hufuata kilo za mtoto, na ini hupimwa, hasa akiwa anakunywa valproeti, kwa sababu zikikutana zinaweza kulitesa ini.

Sasa geuza chupa yako. Mama mmoja alituletea yake: ya kahawia, yenye kitonesha, karatasi imebandikwa upande. Imeandikwa “asili asilimia 100”. Hakuna miligramu za CBD, hakuna namba ya bechi, hakuna tarehe ya kuharibika, hakuna mtengenezaji. Na mafuta yaliyokamuliwa kwenye mbegu za hempu huwa karibu hayana CBD kabisa. Huenda umenunua mafuta ya kula kwa bei ya dawa, au kitu kingine ambacho hakuna anayekijua.

Ibebe chupa hiyo kliniki. Andika kwenye daftari siku na saa ya kila mshtuko, na umweleze daktari mara ngapi dozi imerukwa. Mtoto akipimwa uzito, uliza kama dozi bado inamtosha. Mara nyingi ameongezeka kilo lakini vidonge ni vilevile vya mwaka juzi. Akianguka, mlaze ubavu, mwekee kitu laini chini ya kichwa, usimtie kijiko mdomoni. Ikipita dakika 5, hospitali.

Ninakunywa dawa nyingine. CBD itanidhuru?

Yaweza. Huongeza nguvu ya warfarini, ile ya kuzuia damu kuganda, na mtu akavuja damu. Mwambie mfamasia kabla ya kuonja. Mjamzito na anayenyonyesha waache kabisa.

Mimi ni dereva wa matatu. Mkojo ukipimwa, mafuta yataonekana?

Kipimo hutafuta mabaki ya THC. Chupa nyingi za CBD zina THC kidogo, iwe imeandikwa au haikuandikwa, na ukinywa kila siku inaweza kuonekana. “Nilidhani ni hempu” haitakurudishia kazi.

Kijana wangu anavuta, anasema ni hempu tu.

Kama inamlewesha, ni bangi. Ubongo wake bado unakua, na anayeanza mapema na kuvuta kila siku yuko katika hatari zaidi ya kuchanganyikiwa akili, hasa kama ugonjwa huo uko kwenye ukoo. Usimfukuze nyumbani. Ongea naye asubuhi, akiwa hajavuta, na mpige pamoja 1192, simu ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Haitozwi.